Kilango cha Simba: akitoka anainama, akirudi anaruka

Mvua ilikuwa imeanza tangu jioni. Saa tano usiku nikamsikia Simba nje anabweka, si kule kubweka kwa hasira kwa kuona mgeni, bali ule mbweko mmoja, kimya, mmoja tena, kama mtu anayeomba huku akiona haya kuomba. Nikaenda nikafungua mlango wa nyuma. Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye kilango chake, kile tulichomkatia kwenye mlango huohuo wiki tatu kabla, amelowa chapachapa, ananitazama mimi na kuutazama ule uwazi wa plastiki kana kwamba si wake.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na taa. "Huyu mbwa ana mlango wake," akasema, "na bado anapiga hodi."

Wiki tatu nzima nilikuwa nimeshaamua kwamba Simba ni mkaidi. Kutoka alikuwa anatoka, tena bila kusukumwa. Kurudi ndiko alikokataa. Nilimwita kutoka ndani, nikamwinulia kwa mkono pazia, yaani lile jani la plastiki linaloning'inia kwenye uwazi, nikamwonyesha kipande cha nyama. Mara nyingine alikubali, kwa kurudi nyuma kidogo, kujikunja na kuruka kama anavuka mtaro. Mara nyingi alikaa tu. Na mimi, kama wanavyofanya wenye mbwa wengi, nikatafuta kasoro kwa mbwa kabla ya kuitafuta kwenye kazi ya mikono yangu.

Nikiri kwanza nilivyokinunua. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mbwa anayetabasamu (hivi mbwa hutabasamu, au ni sisi tunaotaka iwe hivyo?) na chini yake maandishi kwamba kinamfaa mbwa wa hadi kilo 25. Simba ana kilo 24. Nikaona hesabu imekwisha. Sikutoa hata tepu mfukoni.

Uzito haukuambii chochote kuhusu mlango. Chukua Bulldog wa kilo 23 na Husky wa kilo 23. Kwenye mizani ni ndugu. Ukiwasimamisha ubavu kwa ubavu, Bulldog ni mfupi, kifua kipana kama pipa, miguu imetanuka. Husky ni mrefu kwenda juu, mwembamba, mgongo wake uko juu sana kuliko wa mwenzake. Wa kwanza anataka uwazi mpana ulio chini, wa pili anataka uwazi mrefu. Mlango unaowatosha wote wawili kwa sababu tu wana kilo sawa ni bahati, si kipimo. Jina la aina ya mbwa nalo linasaidia kidogo tu, maana hata ndani ya aina moja kuna tofauti kati ya dume na jike, kati ya aliyenenepa na aliyekonda. Na sisi wenye mbwa wa mchanganyiko, ambao hata babu yao hatumjui, hatuna pa kuanzia isipokuwa mbwa mwenyewe.

Jambo jingine la boksi: lina vipimo vitatu, na mtu mwenye haraka huviona kama kimoja. Kuna kipimo cha fremu ya nje, ambacho huwa kikubwa kuliko vyote na ndicho huandikwa kwa herufi nene. Kuna kipimo cha tundu utakalokata kwenye mlango. Halafu kuna kipimo cha pazia lenyewe, yaani nafasi halisi ambayo mwili wa mbwa utapita, na hicho ndicho kidogo kuliko vyote. Tofauti kati ya cha kwanza na cha mwisho inaweza kuwa sentimita kadhaa kila upande. Ukimpima mbwa vizuri kisha ukalinganisha na fremu, umejidanganya kwa hesabu sahihi.

Asubuhi baada ya ile mvua nilikaa nje kwenye ngazi, mgongo ukutani, nikamtazama. Nikamwacha aingie na kutoka anavyotaka, mara nne au tano. Nikaona mambo mawili ambayo kwa wiki tatu nilikuwa nayapita tu. Akitoka, alishusha mabega na kusugua mgongo kwenye ukingo wa juu. Kulikuwa na manyoya kwenye ukingo huo, na juu ya mabega yake mwenyewe kulikuwa na mstari ambapo manyoya yameanza kupungua. Akirudi, hakuinama kabisa. Akirudi alikuwa anaruka.

Akitoka anainama, akirudi anaruka. Mlango mmoja, mbwa mmoja. Hapo ndipo nilipokwenda kuchukua tepu.

Nilichopima kwanza ni urefu wake, na hapa kuna kosa ambalo nimewaona watu wengi wakilifanya: wanapima mpaka kichwani. Mbwa hapiti mlangoni akiwa ameinua kichwa kama askari wa gwaride. Hushusha kichwa, hutanguliza pua. Kinachobaki juu ni kile kilele cha mabega, pale shingo inapoungana na mgongo. Msimamishe mbwa karibu na ukuta, miguu yote minne ikiwa sawasawa, mwekee kitabu kwenye mabega kikiwa kimelala, weka alama ya penseli ukutani, kisha pima kutoka sakafuni. Simba alitoka sentimita 58. Juu ya hapo unaongeza kama sentimita 5 ili mgongo usiguse kitu, na ukipata nafasi zaidi usiikatae.

Kisha upana. Mbwa wengine wana upana mkubwa kifuani, wengine tumboni au nyongani, kwa hiyo usipime sehemu moja ukaridhika. Manyoya yakiwa mengi, yabane kwa mkono mpaka ufike mwilini. Kumpima mbwa asiyetulia kwa tepu ni kazi ya watu wawili na uvumilivu wa watu wanne, ndiyo maana mimi nimependa njia ya mlango wa kawaida: fungua mlango wa chumba kidogo tu, uuzuie kwa kitu kizito usisogee, mwite mbwa kutoka upande wa pili. Kama anasita au anapita akisugua mbavu, ongeza uwazi. Atakapopita kwa mwendo wake wa kila siku, bila kufikiria, pima uwazi huo. Ukitumia tepu badala ya mlango, ongeza sentimita 5 kwenye sehemu yake pana zaidi. Simba ana 24, kwa hiyo alihitaji 29 hivi. Pazia nililomnunulia lilikuwa na 26. Sentimita 1 kila upande! Hata mimi ningesita.

Kipimo cha tatu ndicho sikuwahi kukisikia, na sasa nadhani ndicho kinachopaswa kuanza: kizingiti. Yaani umbali kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa uwazi, ule ambao mbwa lazima aupandishie miguu yote minne. Tunafikiria sana kichwa cha mbwa na mgongo wake kwa sababu ndivyo tunavyoviona tukiwa tumesimama. Miguu yake tunaisahau. Pima kutoka sakafuni mpaka sehemu ya chini kabisa ya kifua au tumbo. Kizingiti kikipita hapo, mbwa hawezi kuvuka kwa kutembea, lazima aruke. Na hata kikiwa chini ya hapo, kadiri kinavyoshuka ndivyo bora.

Simba, kutoka sakafuni mpaka kifuani, ni sentimita 29. Kizingiti chake upande wa ndani kilikuwa 20, na pazia lilikuwa na kimo cha 36, kwa hiyo ukingo wa juu ulikaa 56, chini ya mabega yake kwa sentimita 2. Ukichukua unene wa mwili wake peke yake, toka mgongoni mpaka chini ya kifua, ni 58 kutoa 29, yaani 29 pia. Mwili wa 29 unaingia kwenye uwazi wa 36 bila shida. Ungemweka mezani ukamsukuma kama mkate kwenye tanuri, angepita. Lakini mbwa hasukumwi. Alitakiwa ainue mguu sentimita 20 na wakati huohuo ashushe mgongo, jambo ambalo ukilijaribu mwenyewe chini ya meza utaelewa kwa nini ana miaka 8 na hapendi. Mwili wake ulipita. Mwendo wake haukupita.

Hiyo ni upande wa ndani. Nje, ardhi iko chini kuliko sakafu kwa sentimita 12. Nilikuwa nimekaa juu ya hizo sentimita 12, kwenye ngazi, asubuhi nzima, kabla sijaziona. Kutoka nje kizingiti hakikuwa 20, kilikuwa 32. Kifua chake ni 29. Kila alipotaka kurudi nyumbani, mbwa wangu alikuta ukuta ulio juu kuliko kifua chake na dirisha juu yake, na mimi niko ndani nimeshika nyama namwita mkaidi.

Ukiwa na kitu kimoja tu cha kufanya kabla ya kununua, pima pande zote mbili za mlango. Upande ulio chini ndio unaoamua kizingiti. Upande ulio juu ndio unaoamua kimo cha juu.

Nilimpigia fundi aliyekata mlango. Sikuwa na ugomvi naye, nilitaka kujua tu kwa nini alikipandisha juu vile. "Bosi, ule ni mlango wa paneli," akaniambia. "Ule ubao mpana wa chini ndio unaoshika mlango mzima. Ningeukata, baada ya mwaka mlango ungelegea. Nikaanzia juu yake." Kisha akanyamaza kidogo. "Na wewe ulinipa boksi. Mbwa hukunionyesha."

Alisema kweli. Mlango unakatwa kulingana na mlango ulivyo, na kama hujajua kizingiti cha mbwa wako kisipite sentimita ngapi, fundi atakuchagulia kinachomfaa yeye. Mlango wa flashi, ule ulio bapa na mwepesi, una uwazi katikati na mbao pembeni tu. Hukatika kirahisi, ila baada ya kukata inabidi kupachika vipande vya mbao kuzunguka tundu lote ili fremu ipate pa kushika skurubu. Mlango wa paneli una shida ya pili pia: unene wake haulingani, paneli ni nyembamba kuliko mbao zinazoizunguka, na fremu iliyokaa nusu huku nusu kule huacha mianya ya kuingiza upepo na maji mpaka usawazishe. Ukutani ni kazi nyingine kabisa. Kuna nyaya na mabomba yasiyoonekana, na unene wa ukuta unageuza kilango kuwa handaki fupi, ambamo mbwa anakuwa na miguu ya mbele nje na ya nyuma bado ndani. Hapo ubahili wa sentimita unaumiza zaidi. Kuhusu milango ya kioo niseme moja tu: kioo kilichopikwa kuwa kigumu hakikatwi baada ya kupikwa. Ukikigusa kwa kifaa cha kukatia kinasambaratika chote vipande vidogovidogo. Tundu hutobolewa kwanza kiwandani, kioo kikapikwa baadaye, kwa hiyo unabadilisha kioo kizima.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mlango wa pembeni, wa flashi, ambao sakafu ya ndani na ardhi ya nje zinatofautiana kwa sentimita 3 tu. Tukauamua huo. Ila safari hii hatukuwa na mbwa mmoja wa kupimia. Katikati ya hayo yote alikuwa ameingia Pilipili.

Pilipili ni mfupi na mrefu, kama benchi. Mabegani ana sentimita 30, tumbo lake liko sentimita 10 tu kutoka ardhini. Kuna hadithi ya zamani kumhusu Isaac Newton, kwamba alimkatia paka wake tundu kubwa mlangoni na watoto wa paka tundu dogo, asitambue kwamba watoto wangepita palepale anapopita mama. Ushahidi wa uhakika wa kisa hicho haupo na naona ni watu tu walitaka kumcheka mwenye akili nyingi. Lakini hesabu yake ina nusu ya ukweli. Tundu la mkubwa linamtosha mdogo kwa upana na kwa kimo. Kwa kizingiti halimtoshi. Kizingiti cha sentimita 15, ambacho Simba angekivuka bila kukitazama, kwa Pilipili kiko juu kuliko tumbo. Na mbwa wenye mgongo mrefu, Dachshund akiwa mfano wa kwanza, huugua kwa urahisi uti wa mgongo. Kuruka kizingiti mara kumi kwa siku si mchezo wa kuwapa.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya mbwa wawili, mrefu anaamua juu, mnene anaamua upana, mfupi anaamua chini. Sisi tulitafuta pazia la 30 kwa 56, likaanzia sentimita 8 kutoka sakafuni na kuishia 64. Fundi hakutaka kushuka chini ya 8, na safari hii sikubishana, kwa sababu mlango lazima ubakie na ubao wa kutosha chini.

Kabla ya kukata, tulikata katoni. Nilichukua katoni kubwa, nikakata tundu la vipimo hivyohivyo, nikaizuia kwa viti kwenye njia ya kwenda chumbani, nikaiacha siku tatu. Hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote nilivyovitaja, na hakina skurubu hata moja. Siku ya kwanza wote wawili waliinusa. Siku ya pili Pilipili alipita kana kwamba imekuwepo tangu azaliwe. Simba alisimama mbele yake, akainua mguu wa mbele juu sana, akauweka upande wa pili, akagundua hapakuwa na haja. Hakusugua mgongo. Katoni hujikunja ikiguswa, kwa hiyo ukirudi jioni ukakuta ukingo wa juu umepinda, umepata jibu lako kabla msumeno haujawaka.

Tatizo likabaki nje: 8 na zile 3 za ardhi ni 11, na tumbo la Pilipili ni 10. Nikataka kujenga jukwaa la sentimita 10 liwe ngazi yake, nikajiona mjanja. Kisha nikapiga hesabu. Jukwaa linampandisha Simba pia. Akisimama juu yake, mabega yake yangefika 65 ukilinganisha na sakafu ya ndani, na ukingo wa juu uko 64. Ningemrudishia kuinama nilikotoka kumwondolea. Tukaweka ubao wa sentimita 4 tu, mpana wa kutosha miguu minne. Kizingiti kikawa 7 kwa mdogo, na mkubwa akabaki na sentimita 5 juu ya mgongo.

Kwa mwenye mtoto wa mbwa, nunua kwa ajili ya mbwa atakayekuwa. Mbwa wa aina ndogo hukaribia kumaliza kukua kabla ya mwaka, wakubwa sana huendelea mpaka mwaka mmoja na nusu au miwili. Tazama wazazi wake kama unawajua. Wakati huo weka kijingazi cha muda, ukiondoe anavyorefuka. Kwa mbwa anayezeeka, kila sentimita ya kizingiti unayoipunguza leo utaishukuru wakati viungo vyake vitakapoanza kuuma. Jike mwenye mimba, au mbwa aliyeongezeka mwili, anahitaji upana ambao tepu ya mwaka jana haikuuona.

Je, si bora basi kukata kubwa tu na kumaliza? Nilifikiri hivyo. Lakini pazia kubwa ni zito, na mbwa mdogo analisukuma kwa uso. Linapitisha baridi na vumbi zaidi. Na kilichonizuia hasa ni kwamba mlango wanaopita mbwa wa kilo 24 wanaupita pia watoto wa watu. Mwenye bwawa au kisima uani na mtoto anayetambaa asikate chochote kabla hajazungushia maji hayo uzio. Mtu mwembamba mwenye nia mbaya naye hana haja ya kuingia mzima. Anahitaji mkono ufike kwenye kitasa, kwa hiyo weka kilango mbali na kufuli, na uwe na kibao cha kukifunga usiku.

Kuna vilango vinavyosoma chipu, ile iliyo kama punje ya mchele inayopandikizwa chini ya ngozi kati ya mabega, vikafunguka kwa mbwa wako tu. Nilivitamani. Hata hapo ukubwa unarudi: kisomaji kinahitaji chipu ipite karibu nacho, na kwenye uwazi mrefu Pilipili angepita mbali sana chini yake. Ndiyo maana vingi vya aina hiyo ni vya paka na mbwa wadogo.

Siku ya kufunga pazia jipya tulilikunja juu na kulibandika kwa tepu kwa siku mbili, wapite kwenye uwazi mtupu kwanza, kisha tukalishusha kidogo kidogo. Mlango wa nyuma fundi aliuziba kwa plaiwudi pande zote mbili na kuupaka rangi, lakini ukiutazama jioni mwanga ukiwa wa pembeni, ule mraba unaonekana. Manyoya ya mabega ya Simba yamerudi, meusi kidogo kuliko mwanzo.

Juzi mvua ilinyesha tena usiku. Nilikuwa macho. Nikasikia pazia likipiga mara moja, kucha ndogo za haraka sakafuni; huyo Pilipili. Kisha kimya, kisha likapiga tena. Nikachungulia kumwona mkubwa akiingia, na nikamwona akiinua mguu wa mbele juu, juu kabisa, akivuka kizingiti ambacho hakipo.